Upole Wodini ni Gharama ya Nani?

Hoja: Taasisi za afya ya akili za Dodoma na kanda ya kati zibadili namna zinavyompokea, kumtuliza na kumtibu mgonjwa, kwa kuzingatia kiwewe alichonacho, bila kusubiri kuongezewa watumishi wala fedha.

MWANASAIKOLOJIA: Nianze na hesabu ambayo nchi iliifanya yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011 ulikuta kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana walikuwa wameumizwa kwa kipigo utotoni. Tukija hapa kwetu, takwimu za afya za 2015–16 zilionyesha kuwa asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Watu hao wanapita getini kwetu kila siku. Ninachodai ni kwamba mlinzi, karani, muuguzi na daktari wafanye kazi wakidhani kuwa yeyote anayeingia huenda amewahi kuumizwa na mtu mwenye nguvu kumzidi. Mwanamke aliyebakwa huku ameshikwa mikono, akija wodini usiku wa kwanza akashikwa mikono na wanaume wanne na kuvuliwa ili achomwe sindano, amerudishwa kulekule alikotoka.

MUUGUZI: Mwanangu, hesabu yako siipingi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hao wanaoshtuka mimi ninawajua kwa majina. Sasa nieleze robo saa ya kwanza. Ni saa tatu usiku, gari limetoka Chemba. Ndani kuna mtu ambaye hajalala siku nne, kamba ya katani imemchuna mikono, ndugu zake wamechoka na mmoja wao ana jeraha la panga. Wodini tupo wawili. Nikimfungua bila sindano atampiga mgonjwa wa kitanda cha jirani, naye huyo ana kiwewe chake. Upole wenu unamlinda yupi kati ya hao?

ALIYEWAHI KULAZWA: Mama, robo saa hiyo mimi naikumbuka kwa upande wa pili. Sindano siilaumu, huenda iliniokoa. Ila walionishika hawakuniambia ni dawa gani wala nitaamka lini. Walikuwa wakizungumza wao kwa wao kuhusu mshahara uliochelewa. Nilidhani wananiua. Niliamka kanga yangu haipo, nimevaa gauni la mtu mwingine, shingo imekakamaa inavutwa upande, na hakuna aliyeniambia kuwa shingo ile ni dawa, kwamba inatibika na itapita. Muuguzi angesema maneno matatu tu: mimi ni fulani, hii ni dawa ya kukulaza, nitakuwepo ukiamka. Hayo yanataka bajeti gani?

MUUGUZI: La tatu ni uongo. Zamu yangu inaisha saa moja na nusu asubuhi, na yeye ataamka saa nne.

ALIYEWAHI KULAZWA: Basi sema mawili, na umtajie jina la atakayemkuta.

KATIBU WA AFYA: Naomba turudi kwenye chanzo cha jambo lenyewe. Fikra hii ilipata umbo lake Marekani. Maxine Harris na Roger Fallot waliitolea kitabu mwaka 2001, na 2014 idara ya serikali ya huko inayosimamia afya ya akili na uraibu ikaipa misingi sita: usalama, uaminifu na uwazi, kusaidiana kwa waliopitia hali moja, kushirikiana, mgonjwa kuwa na sauti na uchaguzi, kisha kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepinga hata mmoja, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Jambo lisilopingika huishia kwenye bango. Nimeona bango la huduma kwa mteja, bango la huduma rafiki kwa vijana, na sanduku la maoni lenye kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani uko kwa nani. Tutafanya semina ya siku tatu, watu watasaini posho na kupiga picha ya pamoja, na Jumatatu kamba itakuwa palepale.

MWANASAIKOLOJIA: Basi semina isiwe mwanzo. Anza na mambo ambayo wewe, Katibu, unaweza kuyaagiza kwa waraka wa ukurasa mmoja. Mgonjwa wa kike asivuliwe mbele ya wanaume. Mlinzi asimshike mtu ila kwa agizo la muuguzi. Kila anayefungwa au kufungiwa chumbani iandikwe saa aliyofungwa, sababu yake na saa aliyofunguliwa. Akishatulia, akae na mtu amweleze kilichotokea na kwa nini. Hakuna hata moja hapo linalosubiri mfadhili.

KATIBU WA AFYA: Waraka nitauandika asubuhi. Usiku wenye wauguzi wawili, mmoja mwanaume, huo waraka utavunjwa na mtu asiye na njia nyingine. Nikitoa agizo ninalojua halitekelezeki, nimemtengenezea mtumishi wangu kosa.

MUUGUZI: Hapo Katibu umesema. Miongozo huja kwetu ikiitwa msaada, ikirudi inarudi kama barua ya kujieleza. Na kuna jambo jingine linalonitisha zaidi, nalo ni kuulizana. Binti aliyebakwa kijijini anaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Anakwenda polisi, dawati la jinsia na watoto, anapewa fomu ya polisi ya PF3. Anamweleza daktari anayeijaza. Anamweleza ofisa ustawi wa jamii. Akifika kwangu ni mara ya tano. Sasa nasikia kuna fomu ya kumuuliza mara ya sita, na mwanasaikolojia tuliye naye ni wewe peke yako, ambaye Jumamosi na Jumapili hupo. Nikilifungua jeraha lake Ijumaa jioni, nani atalifunga?

MWANASAIKOLOJIA: Usilifungue, mama. Kutibu kiwewe ni kazi moja, ina hatua zake na watu waliofundishwa. Kuendesha wodi isiyokitonesha ni kazi nyingine, na hiyo haihitaji kujua nani alifanyiwa nini. Ndiyo maana tunasema tudhani, badala ya kuuliza. Vituo vya Mkono kwa Mkono vilianzishwa kwa sababu hiyohiyo, ili polisi, tabibu na ustawi wa jamii wamkute mtu mahali pamoja, asizunguke na simulizi yake kama bahasha ya kugongwa muhuri. Mimi nataka wodi ijifunze hilo.

KATIBU WA AFYA: Hata hiyo kazi ya kwanza ina maswali yake. Moshi, na Bungoma kule Kenya, watafiti waliwachukua watoto 640 waliofiwa na wazazi na wenye dalili za kiwewe. Baadhi walipewa tiba maalumu ya kuzungumza na washauri wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, wengine wakaachwa kwenye huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2020. Kenya faida ilidumu mwaka mzima. Kwa upande wetu, miezi 12 ilipopita, watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamefikia nafuu inayolingana. Ninawapenda hao watoto, lakini mwenye mfuko wa fedha lazima ajiulize kama muda, chakula na shule havikufanya kazi ileile.

MWANASAIKOLOJIA: Mwenye mfuko ajiulize pia kuhusu ile miezi ya katikati. Watoto wa Moshi mjini waliopata tiba walikuwa wamewatangulia wenzao tiba ilipomalizika. Kulala usiku bila ndoto za kutisha mapema kuliko mwenzako si jambo dogo kwa mtoto wa darasa la tano. Na ule utafiti ulipima tiba, haukupima namna wodi inavyoendeshwa. Usiutumie kuhukumu kisichokuwemo.

ALIYEWAHI KULAZWA: Mnabishana kuhusu mazungumzo. Mimi sikutaka mazungumzo. Nilitaka komeo la ndani kwenye mlango wa bafu.

KATIBU WA AFYA: Komeo la ndani wodi ya akili haliwezekani, dada yangu. Anayetaka kujiua atajifungia.

ALIYEWAHI KULAZWA: Naelewa. Basi pazia, na sista asimame nje. Bafu nililooga mimi mlango wake ulikuwa umeng'olewa, na mwanaume wa usafi alikuwa akipita na ndoo.

MUUGUZI: Mwanaume wa usafi nitamzuia kesho asubuhi, hilo ni deni letu na sitalitetea. Lakini pazia nalo mtu hujinyongea. Kwa hiyo lazima mtu asimame pale, na mtu huyo ni mimi. Nikiwa pale, aliyepewa sindano saa iliyopita hana wa kumwangalia kama anapumua. Mnaona inakorudi? Kila mkinipa jambo la bure, mwisho wake ni mtu wa tatu kwenye zamu.

MWANASAIKOLOJIA: Ila uhesabu na kinachopungua. Hospitali za akili za jimbo la Pennsylvania, Marekani, ziliamua kupunguza kufunga na kufungia wagonjwa. Kati ya 1990 na 2000, kufungia watu vyumbani kulishuka kutoka matukio 4.2 hadi 0.3 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, na watumishi hawakuumizwa zaidi ya zamani. Kumfunga mtu mmoja kunachukua watu wanne, kisha mmoja akae amwangalie, kisha jeraha lishonwe, kisha wodi nzima ihangaike usiku kucha. Ukizuia matukio mawili kwa wiki, umejirudishia saa ngapi?

MUUGUZI: Na Pennsylvania walifanyaje? Walisema kwa upole tu?

MWANASAIKOLOJIA: Walibadili sera, wakaunda vikosi vya kukabili dharura...

MUUGUZI: Endelea.

MWANASAIKOLOJIA: ...wakaboresha uwiano wa watumishi na wagonjwa, na dawa mpya zilikuwa zimeingia sokoni.

MUUGUZI: Ahsante. Hoja inasema bila kusubiri watumishi. Shahidi wako mwenyewe amekuja na watumishi na dawa mkononi.

ALIYEWAHI KULAZWA: Mama, umeshinda hoja, lakini mimi bado nimefungwa.

MUUGUZI: Mdogo wangu, usidhani nafurahi. Mimi nimepigwa kiti mgongoni, nimetemewa mate, nimetukanwa na kijana ninayeweza kumzaa. Aliyenipiga alipewa dawa, nami nikapewa fomu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma ikiteremka mlima, ikagongana na treni ya mizigo kule Igandu, mkoani kwetu hapa, watu 281 wakafa. Watumishi wa afya wa mkoa huu walipokea maiti na majeruhi, na zamu zikaendelea. Mnapohubiri kiwewe, mnamhubiria mtu ambaye hajawahi kuulizwa amelalaje.

MWANASAIKOLOJIA: Hilo ndilo nusu ya hoja yangu, na ni kosa la watu wa fani yangu kulitaja mwishoni. Maporomoko ya tope yalipoua watu zaidi ya 80 Katesh, Desemba 2023, msaada wa kisaikolojia ulipelekwa kwa manusura. Wauguzi wanaona msiba wao kidogokidogo, kila zamu, na hakuna gari linalotumwa. Nasema hivi: baada ya kila tukio la vurugu, wodi ikae dakika kumi. Aliyepigwa aseme, aliyefunga aseme, pasiwe na kuandika majina. Taasisi inayomtisha mtumishi wake haiwezi kumtuliza mgonjwa.

KATIBU WA AFYA: Dakika kumi nazikubali. Ngoja niwaulize kuhusu neno uchaguzi. Hospitali ya Mirembe ilianza miaka ya 1920, enzi za ukoloni, na jina lake limefanywa tusi mitaani. Mtoto akikosea hesabu anaambiwa apelekwe Mirembe. Pembeni yake kuna Isanga, wanakopelekwa wenye kesi za jinai waliopatwa na ugonjwa wa akili. Sheria ya afya ya akili ya 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake. Aliyeletwa na mahakama nimpe uchaguzi upi? Achague kutokuwepo? Nikimwambia ana sauti kisha mlango ukafungwa kwa nje, nimeuvunja msingi wa uaminifu ili nitimize msingi wa uchaguzi.

ALIYEWAHI KULAZWA: Usimwambie ana uchaguzi ambao hana. Mwambie ukweli: umeletwa na amri, itapitiwa na fulani, utaonana na daktari siku fulani. Kisha mwache achague vilivyobaki. Sindano mkono wa kulia au wa kushoto. Kuoga asubuhi au jioni. Kuamshwa kwa kuitwa jina au kwa kuguswa. Mimi nikiguswa nimelala napiga, na nimepiga hivyo tangu nikiwa na miaka tisa. Muuguzi angelijua hilo moja, asingeandika kwenye faili langu kuwa ni mkali.

MUUGUZI: Hilo la kuguswa nalichukua. Lakini kuna mtu hatujamtaja, naye ni ndugu wa mgonjwa. Huku kwetu mgonjwa haji peke yake. Analetwa na ukoo, unaleta chakula, unachanga dawa isiyopatikana, ndio utakaompokea akitoka. Nikupe mfano ambao kila muuguzi wa kanda hii anaweza kuuona. Binti wa miaka 16 haongei, haoni usingizi, anapiga kelele akiona wembe. Pembeni ya kitanda yupo shangazi, amelala chini kwenye kitenge siku tano, anamlisha uji kwa mkono wake. Na shangazi huyo ndiye aliyemshika miguu siku ya kukeketwa. Mwongozo wako unasema nini, mwanangu?

MWANASAIKOLOJIA: Binti asikilizwe faragha, shangazi akiwa nje. Na kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni kosa tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Hatuwezi kujifanya hatujui.

MUUGUZI: Nikimtoa shangazi nje, shangazi anaelewa kwa nini ametolewa. Nikitoa taarifa, kesho kitanda hakina ndugu, chakula hakiji, na siku ya ruhusa binti hana pa kwenda. Nisipotoa taarifa, nimeshirikiana na aliyemshika miguu. Usalama ni msingi wa kwanza kwenye orodha ya Katibu. Usalama wa leo au wa mwezi ujao?

KATIBU WA AFYA: Kisheria, taarifa.

MUUGUZI: Kisheria, ndiyo. Na nyumba ya kumlaza iko fungu gani la bajeti?

ALIYEWAHI KULAZWA: Muulizeni binti. Wote mnamzungumzia juu ya kichwa chake, kama walivyofanya walionishika. Huenda anamwogopa shangazi. Huenda shangazi ndiye mtu pekee anayempenda, na aliyemleta kwa ngariba ni mwingine. Mimi nyumbani kwangu aliyeniumiza na aliyenipeleka hospitali alikuwa mtu mmoja. Ningependa muuguzi alijue hilo kabla ya kumkabidhi faili langu, lakini kulisema nilihitaji siku nyingi na mtu wa kumwamini.

MWANASAIKOLOJIA: Na mtu huyo anaweza kuwa mtu kama wewe. Butabika, Kampala, waliwafundisha watu waliowahi kulazwa kuwasaidia wanaoingia. Mgonjwa mpya anamsikia haraka aliyewahi kulala kitanda kilekile.

KATIBU WA AFYA: Kada hiyo haimo kwenye muundo wa utumishi. Nitamlipa kwa jina gani?

ALIYEWAHI KULAZWA: Usipomlipa, umepata mtu wa tatu wa zamu bure, na mama hapa ana haki ya kukataa. Siji kufanya kazi ya muuguzi kwa nauli ya daladala.

MUUGUZI: Nashukuru umelisema wewe. Na siri za wagonjwa je? Mji wetu una watu wengi siku hizi, lakini kila mtu ni binamu wa mtu.

ALIYEWAHI KULAZWA: Mangapi kunihusu yalitoka wodini kabla sijatoka mimi, nami sikuwa nimeajiriwa? Nifundishe, niapishe, nilipe.

MWANASAIKOLOJIA: Naomba tuchukue kitu kimoja tukifanye. Daftari. Wodi moja, daftari moja la kila tukio la kufunga, kufungia na sindano ya nguvu. Nani, saa ngapi, nini kilitangulia, kilichukua muda gani. Baada ya miezi mitatu tutajua matukio yanakuja saa ngapi na kwa sababu gani. Pengine ni saa ya chakula, pengine ni siku ya ndugu wasiokuja. Hata hoja ya mtu wa tatu itakuwa na ushahidi wa kumpelekea mwajiri.

KATIBU WA AFYA: Hilo naweza kulitetea juu. Namba huombewa watumishi, huruma haiombewi.

MUUGUZI: Nani atalisoma? Likisomwa na mkaguzi, litakuwa orodha ya makosa yangu. Nitaandika matukio manne kati ya kumi, kama mtu yeyote mwenye watoto wa kusomesha.

ALIYEWAHI KULAZWA: Nami nataka nafasi ya mgonjwa kwenye ukurasa huohuo. Akitulia, aandike au asimulie upande wake, na asainiwe na aliyemfunga.

MUUGUZI: Nisaini maneno ya mtu aliyeniona nina pembe kichwani?

ALIYEWAHI KULAZWA: Ndiyo. Aliona pembe, na pia aliona kuwa alifungwa saa sita akafunguliwa saa kumi na mbili. La kwanza ni ugonjwa. La pili ni saa ya ukutani.

KATIBU WA AFYA: Naweza kuahidi kwa maandishi kuwa daftari halitatumika kumwadhibu mtu kwa miezi mitatu.

MUUGUZI: Na mwezi wa nne?

KATIBU WA AFYA: Mwezi wa nne siwezi kuahidi. Mgonjwa akivunjika mkono, sheria haitaniuliza nilikubaliana nini na wodi.

MUUGUZI: Basi msimamo wangu ni huu. Daftari na mtu wa tatu wa usiku vije siku moja. Kikija kimoja bila kingine, nitakirudisha ofisini kwako.

MWANASAIKOLOJIA: Mama, bila daftari hatutampata huyo mtu wa tatu. Ndilo litakalomleta.

MUUGUZI: Nimesikia hivyo kuhusu madaftari mengi.

ALIYEWAHI KULAZWA: Na atakayeletwa leo saa tatu usiku, wakati ninyi mnasubiriana, mmekubaliana kumwambia nini kabla ya sindano?